Lac Vert: njia ya kuzunguka ziwa isifungwe

Kila mara nikitaja Lac Vert kwenye matangazo, simu ya redio haitulii. Kuna wanaouliza kama wanaweza kupeleka watoto huko siku ya yenga, kuzunguka ziwa kwa miguu na kupiga picha, kama watu wa Goma walivyozoea kufanya. Kuna wengine wanaopiga kwa hasira. Wanauliza ni mwandishi wa namna gani anayezungumza juu ya matembezi wakati watu wanalala bila kula, wakati mama aliyetoka Masisi hajui kama shamba lake bado ni lake. Hewani nina dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi kuwajibu wote. Ndiyo maana ninaandika hapa.

Msimamo wangu ninauweka mbele ili msiutafute. Njia ya miguu inayopita juu ya ukingo wa Lac Vert iachwe wazi, iwekewe alama za hatari, na ibaki ya kila mtu, mwenye pesa na asiye nazo. Na jambo hili lisingoje amani. Tukilingoja amani, siku amani itakapofika tutakuta ukuta.

Kwa wale ambao hawajafika, na kwa familia zilizoishi pale miezi mingi ndani ya bashi bila kupata nafasi ya kulitazama lile ziwa, niseme kidogo lilivyo. Ukitoka katikati ya Goma kwa barabara ya Sake, unapita Katindo, unapita Ndosho na Keshero, na kabla hujamaliza Mugunga unashika njia ya mkono wa kushoto, upande wa Kivu. Unapanda kilima ambacho kwa mbali hakina ajabu lolote. Ukifika juu, ardhi inafunguka chini yako kama bakuli, na ndani ya bakuli kuna maji ya kijani. Hayaelekei mahali popote, hayana mto unaoingia wala unaotoka. Ni shimo la volkano. Zamani sana moto wa chini ya ardhi ulikutana na maji, ukalipuka, ukarusha majivu na mawe pembeni, na yale majivu ndiyo ukingo tunaoutembelea leo. Rangi ya kijani inatokana na mimea midogo sana inayoishi ndani ya maji, ndiyo maana siku ya jua rangi inakuwa kali na siku ya mawingu inakuwa nzito kama sombe iliyopikwa vizuri.

Ukisimama juu ya ukingo unaona maji mawili kwa wakati mmoja. Mbele yako hili dogo la kijani, na ng'ambo ya mgongo mwembamba wa ardhi, Kivu yote, ya buluu, inakwenda mpaka Idjwi. Geuka nyuma, Nyiragongo imesimama na moshi wake, na kushoto kwake Nyamulagira, pana na fupi. Sijui mahali pengine karibu na mji ambapo mtoto wa shule anaweza kufundishwa jiografia ya kwao bila ubao. Kupanda Nyiragongo, mita 3,470, kulikuwa kunamgharimu mgeni kibali cha dola 300. Lac Vert inakugharimu nauli ya taksi na viatu vizuri. Viatu, nasema tena. Mawe ya volkano hayana huruma na kambambili.

Sasa nirudi kwa wenye hasira, maana hoja yao ni nzito kuliko ile ya wapiga picha.

Jina la Lac Vert kwa watu wengi wa hapa si jina la matembezi. Ni jina la kambi. Mugunga imejua kambi tangu 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwa maelfu ya maelfu. Katika vita hii ya karibuni kambi zilijaa tena pande zile, Bulengo, Lushagala, Rusayo, na ile iliyobeba jina la ziwa lenyewe. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za watu waliohama huko Lac Vert na Mugunga, wakafa zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake na watoto. Kisha, mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kubadilisha mikono, kambi zikavunjwa kwa siku chache. Watu wa Bulengo walipewa saa 72. Bashi zikakunjwa, mbao zikafungwa juu ya chukudu, kila familia ikashika njia yake: wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine Kalehe, na wengi hawakufika popote, wako mpaka leo kwa jamaa, ndani ya makanisa, ndani ya nyumba za kupanga ambazo hawajui watazilipa na nini.

Basi mtu aliyepoteza mtoto pale anaposikia redio ikisema kuna mandhari nzuri Lac Vert, anasikia tusi. Ninamwelewa. Lakini ninaomba anisikilize hadi mwisho, kwa sababu ninaamini njia ile ni yake zaidi kuliko ilivyo ya mtalii.

Nani amezunguka Lac Vert kwa miguu mara nyingi kuliko watu wote? Si wazungu wa mashirika na mifuko yao ya maji mgongoni. Ni wanawake na wasichana waliokuwa wakitafuta kuni na maji. Ardhi yetu ni jiwe, huwezi kuchimba kisima kama watu wa nchi nyingine wanavyochimba. Maji ni Kivu, au bomba la shirika, na foleni ya bidoni kwenye bomba inaanza kabla ya jogoo. Kwa hiyo watu wanatembea. Wanatembea kwa sababu ya maji, ya kuni, ya kwenda kuuliza habari za ndugu. Katika kutembea huko wengi walikutwa na mabaya. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba mwaka 2023 walisaidia kutibu zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika Kongo, na sehemu kubwa sana ni hapa kwetu Kivu Kaskazini, ndani na pembeni ya kambi za Goma. Wengi walishikwa walipokwenda kuchanja kuni.

Ninaileta habari hii katika makala juu ya njia ya ziwa kwa kusudi. Njia inayojulikana, inayopitwa na watu wengi, mama wa kuni, kijana anayefanya mazoezi, mwanafunzi na kitabu chake, familia siku ya yenga, ni njia yenye macho. Njia iliyosahauliwa, iliyofungwa kipande hapa na kipande pale, inamlazimisha mwanamke kuzunguka chini kwenye vichaka, peke yake. Mnaoniambia kwamba matembezi ni mambo ya matajiri, fikirini pia hilo. Wanaopita kwa furaha wanawalinda wanaopita kwa shida, hata bila kujua.

Kuhusu ukuta sasa. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa. Tazameni ufuko wa Kivu katika mji wetu, kutoka mpakani mpaka Himbi na kuendelea. Ziwa kubwa kiasi kile, na mtoto wa Majengo anaweza kufika miaka kumi hajagusa maji yake, kwa sababu kati yake na maji kuna ukuta wa jiwe la volkano wenye vipande vya chupa juu. Nyumba za wakubwa, hoteli, ofisi. Sehemu za wazi ambapo raia anaweza kushuka kuchota au kuoga zinahesabika kwa vidole. Hapa jirani tu, Gisenyi, kuna ufuko wa wazi wenye miti, na watu wetu walikuwa wanavuka mpaka na jetoni mkononi ili wakaoge katika ziwa lile lile ambalo wameliacha nyuma ya kuta za kwao. Jirani huyo huyo ametengeneza njia ya kilometa 227 kandokando ya Kivu, kutoka Gisenyi mpaka upande wa Kamembe, na wageni wanailipia kwa kulala na kula vijijini. Siandiki haya kumsifu mtu. Yaliyotupata tunayajua na yana majina yake. Nasema tu kwamba ziwa ni moja, na upande mmoja watu wanalizunguka, upande mwingine wanalichungulia.

Lac Vert bado haijafikia huko. Lakini nilipopita mara ya mwisho niliona mawe ya mipaka yamepangwa karibu sana na ukingo, na mtu mmoja pale akanieleza kwamba viwanja vinauzwa. Karatasi za viwanja hivyo sikuziona. Nimeona mji huu unavyokua: kwanza mawe manne, halafu kibanda cha mlinzi, halafu ukuta, halafu karatasi inatokea, na tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya zamani kuliko kibanda.

Na hapa kuna jambo ambalo naona watu hawalifikirii. Barabara ya kawaida ikifungwa mahali, unapata nyingine. Njia ya kuzunguka ziwa si hivyo. Ukingo wa Lac Vert ni mwembamba. Upande huu unaporomoka kwenye maji ya kijani, upande ule unateremka kuelekea mashamba au Kivu. Mtu mmoja akijenga ukuta wa mita ishirini juu ya ukingo, hajachukua mita ishirini. Amechukua mzunguko wote. Utatembea nusu saa, utafika kwenye ukuta, utarudi ulikotoka. Mwenye kiwanja atasema amechukua kipande kidogo tu, na kwa mita atakuwa anasema kweli.

Nitakaa kidogo juu ya mazuku, maana hapa suala si uzuri tena, ni uhai. Na nikikosea kuwakumbusha mazuku nikiwa nimewahimiza kutembea, nitakuwa nimewapeleka pabaya.

Sisi wa huku tunalijua neno, lakini familia zilizotoka Masisi ya juu au Rutshuru wengi walilisikia mara ya kwanza kambini, baada ya mbuzi kufa. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, gesi ya kaboni, kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haionekani. Haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo haipandi. Inashuka na kujaa kwenye mashimo, mabonde madogo, mapango ya lava, kama maji yanavyojaa kwenye sahani. Pwani yote ya kaskazini ya Kivu, kutoka Goma mpaka Sake, ina sehemu hizo, na Bulengo, Lac Vert na Mugunga ni kati ya zile zinazojulikana sana. Observatoire ya Volkano ya Goma imezipima kwa miaka mingi. Hewa ya kawaida ina gesi hii kidogo sana, hata sehemu moja kwa elfu haifiki. Ikifika sehemu kumi kwa mia, mtu mzima anapoteza fahamu kwa dakika chache, na ndani ya mazuku inaweza kupita kiasi hicho mara nyingi.

Wengine wanachanganya mazuku na hatari ya gesi iliyomo ndani ya Kivu. Ile ni habari nyingine, iko chini kabisa ya ziwa, na mfano wake wa kutisha ni ziwa Nyos huko Kamerun, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Mazuku hayangoji ziwa lipasuke. Yapo leo asubuhi, kwenye shimo lile lile yalipokuwa jana.

Asubuhi na usiku ndiyo saa mbaya, kwa sababu ya baridi na hakuna upepo wa kuyatawanya. Jua likipanda na upepo wa Kivu ukianza, sehemu nyingi zinapungua nguvu, ingawa mashimo yenye kina yanabaki na hatari mchana kutwa. Kwa hiyo anayetaka kuzunguka Lac Vert asiondoke gizani ili awahi jua lichomoze, kama tunavyofanya milima mingine. Aanze saa tatu, saa nne. Abaki juu, kwenye njia ya ukingo, ambako upepo unapita. Asishuke kwenye kishimo chochote kwa sababu ameona kivuli kizuri cha kukaa na watoto kula mkate. Akiona mijusi imekufa, ndege amelala chini, wadudu wengi hawana uhai mahali pamoja, hapo ni mlango wa mazuku, arudi.

Watoto ndio ninaowahofia zaidi. Gesi hii inalala chini. Mahali ambapo kichwa cha baba kiko juu ya hewa mbaya, kichwa cha mtoto wa miaka mitatu kiko ndani yake. Na mtu aliyelala chini, hata awe na nguvu kama askari, yuko ndani pia. Sasa fikirini watu waliolala juu ya jiwe, chini ya bashi, miezi na miezi, katika eneo ambalo kila mwenye elimu ya volkano alilijua kuwa na mazuku. Waliopanga kambi zile walikuwa na haraka, watu walikuwa wanafika kwa maelfu kila siku. Bado ninaona ni aibu kwamba familia zilijifunza ramani ya mazuku kwa kuhesabu mifugo iliyokufa, wakati ramani ilikuwapo mjini.

Kuna watu wanaoamini kiberiti: washa, inama, ukiona moto umezimika ondoka. Msikitegemee. Hewa inaweza kuwa imeshakuwa mbaya kwa pafu lako na bado ikaacha moto uwake. Tena, ili uujaribu umeinamisha kichwa chako mahali penyewe. Na mtu akianguka ndani ya shimo la mazuku, tafadhali, ndugu zangu, msirukie kumwokoa. Ndivyo familia moja inavyozika watu wawili au watatu siku moja. Itieni watu, tafuteni kamba, mvuteni kutoka juu. Najua ninaomba kitu kigumu kwa mama anayemwona mwanawe chini.

Ndiyo maana ninapinga wanaosema tufungue Lac Vert kwa matembezi, mengine yatafuata. Alama za mazuku zije kwanza, kabla ya kibanda cha kuuza soda. Vibao vyenye mchoro wa fuvu, maneno ya Kiswahili kwanza na Kifaransa baadaye, na Kinyarwanda pia kwa sababu wengi wanaopita pale ndicho wanachosoma vizuri. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu yanatosha pale ambapo kibao kitaibwa, na kitaibwa, maana kibao cha mbao ni kuni. Tusijidanganye hapo. Rangi juu ya jiwe haichomeki.

Kazi hii haihitaji mradi wa dola laki moja na semina tatu katika hoteli. Inahitaji wataalamu wa Observatoire kutembea na shefu wa kartie, na mashefu wa avenyi na wa nyumba kumi, siku mbili au tatu, kuonyesha mashimo. Inahitaji salongo ya siku ya posho moja au mbili na ndoo za rangi. Vijana wa kartie wanaijua ardhi ile kama mfuko wao, na wengi wao hawana kazi tangu barabara zilipofungwa na uwanja wa ndege kunyamaza. Wapewe kazi ya kuongoza wageni. Mgeni anayetaka kiongozi alipe kiongozi, bei iandikwe, ijulikane, isiwe ya kupimwa kwa rangi ya ngozi au aina ya simu.

Lakini kulipia kiongozi ni tofauti na kulipia kupita. Hapa ninawaonya vijana hao hao ninaowatetea. Siku mtakayofunga kamba kwenye njia na kumdai franka mia tano mama mwenye mzigo wa kuni, mtakuwa mmejenga ukuta wenu, bila hata jiwe. Tumechoka na vizuizi. Mtu anatoka Sake mpaka Goma akihesabu mara ngapi ametoa pesa. Ziwa liwe mahali pamoja ambapo mtu anapita na hakuna anayenyoosha mkono.

Nimeulizwa pia juu ya miti. Ukingo wa Lac Vert ni majivu ya zamani yaliyoshikana. Miti na majani ndiyo yanayouzuia usiporomoke mvua ikinyesha. Kambi zilipojaa, miti ilikatwa. Wapo wakaaji wanaowalaumu waliohama kwa hilo. Mimi sina ulimi wa kumlaumu mtu aliyekata tawi ili apike maharagwe ya mgawo, maharagwe ambayo hayaivi bila saa tatu za moto. Waliyaleta maharagwe, hawakuleta makala. Sasa kambi hazipo, lakini mwiko wa kukata bado haujarudi, na wanaokata leo ukingoni wengi si waliohama, ni wafanyabiashara wa makala. Wakaaji wanajua nani. Njia ya ukingo, pale palipobaki uchi, imeanza kuliwa na mvua. Kuna sehemu nilipita kwa kushika mwenzangu mkono. Grevilea zikipandwa msimu huu wa mvua, baada ya miaka michache zinashika udongo.

Ninabaki na jambo la mwisho, na silisemi ili kupamba. Wafu wa 3 Mei. Ikiwa siku moja watu watarudi kuzunguka Lac Vert na watoto wao, kwa kicheko, na ninataka warudi, basi pawe na mahali juu ya njia ile penye jiwe moja lenye tarehe hiyo. Bila jina la chama, bila jina la jeshi, bila shirika lililofadhili. Tarehe tu na neno kwamba hapa waliishi watu waliokimbia vita. Mama aliyerudi Kitshanga au Kibumba ajue kwamba mahali alipomwacha mtoto wake hapakugeuka kuwa mahali pa picha tu. Na mtoto wa Goma anayepita pale aulize, na mzazi alazimike kujibu.

Wasikilizaji wawili waliniambia jiwe kama hilo litaharibu furaha ya watembezi. Siamini. Watu wa mji huu tumezoea kutembea juu ya lava iliyofunika nyumba za 2002, tunajenga juu yake, tunaoa juu yake.

Kwa wale wanaouliza kama waende siku ya yenga: ulizeni kwanza shefu wa kartie hali ya usalama ikoje wiki hiyo, kwa sababu inabadilika na mimi siwezi kuijua nikiwa studio. Nendeni kikundi, msiende wawili. Ondokeni jua likiwa juu, rudini kabla ya saa kumi. Watoto wadogo mgongoni, si chini. Na mkiona mawe ya mipaka juu ya ukingo, msiyang'oe, mtajiletea kesi. Yahesabuni, pigeni picha na mahali yalipo, mpeleke kwa shefu na kwa shirika la raia la kartie, kisha mtutumie redioni. Tutayasoma hewani, jiwe kwa jiwe.